Kikao Kingoje, Mgonjwa Asingoje

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia kuhusu wazee wetu na ugonjwa wa sukari)



Tulipoalikwa hapa tuliulizwa kama tutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa au matangi ya maji. Hayo ni mambo mema na tutayarudia siku nyingine. Leo tumeomba ruhusa tuzungumze juu ya wazee wetu: mama, baba, nyanya, mjomba, yule anayeketi chini ya mwembe na ambaye siku hizi watu wanasema "amechoka tu". Tunataka kuzungumza juu ya mzee mwenye ugonjwa wa sukari ambao haujatibiwa, na juu ya siku ile ugonjwa unapogeuka na saa zinaanza kuhesabiwa.

Wengine watasema, "Hiyo si kazi yetu, ni ya daktari." Kutibu ni kazi ya daktari, ndiyo. Lakini daktari hayuko pale kwenu saa nne usiku. Mliopo ni nyinyi. Daktari anaanza kazi mgonjwa akishafika, na kumfikisha ni kazi yetu sisi wa nyumbani na majirani.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Hebu tuanze nyumbani kwetu, ili msidhani tumekuja kuwahukumu.

Mwaka 2019, upande wa Makueni, tulikuwa na mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yetu, mwenye miaka 68. Yeye ndiye aliyetulea tulipokuwa shuleni. Mwezi wa Juni mke wa kijana wake alianza kulalamika juu ya maji. Mnajua kwetu wakati wa kiangazi maji hununuliwa kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 uliokuwa ukikaa siku mbili sasa uliisha jioni ile ile. Kukawa na maneno pale nyumbani. Wengine wakasema mama anawapa kuku, wengine wakasema anagawia jirani. Kumbe alikuwa anayanywa mwenyewe, na kwa aibu alikuwa akinywa usiku.

Usiku huo huo alitoka kwenda chooni mara nne, mara tano. Watoto wakaona sisimizi wamejaa mahali alipokojoa. Walicheka tu. Mwezi wa Julai sketi zake zilifungwa kwa kamba kwa sababu kiuno kimeisha. Tukasema ni mawazo, maana mzee wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Akasema macho yana ukungu. Tukasema ni umri. Akajikwaa kidole cha mguu kwa malapa, kidonda hakikupona wiki tatu. Tukamwambia aoshe na maji ya chumvi.

Wacha tuseme ukweli: katika familia ile kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na mtu wa duka la dawa za mifugo, na tulikuwepo sisi tuliosomea huduma ya jamii na kupewa diploma. Kila mmoja aliona kipande chake. Hakuna aliyeviweka vipande pamoja.

Siku ya Alhamisi, mwezi wa Agosti, akakataa chakula, akalala mchana kutwa. Ijumaa tukamwambia twende hospitali, akajibu, "Nimefika umri huu bila hospitali, leo mnipeleke kufa huko?" Tukanyamaza, maana ni mkubwa wetu. Jioni akamwita mke wa kijana wake kwa jina la dada yetu aliyekwisha kufa. Mama mmoja jirani akasema, "Anaitwa na wenzake, mwacheni aage."

Jumamosi tukafanya kikao kwa simu. Kijana wa kwanza, aliye Mombasa, akasema tungoje mwisho wa mwezi apate mshahara. Wa pili akasema kuna mtu wa mitishamba mwenye mkono mzuri. Wa tatu akatukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Jirani akaleta vidonge vyake mwenyewe vya presha. Na sisi, kwa upendo kabisa, tukamnunulia soda mbili na pakiti ya glukosi apate nguvu. Mtu ambaye damu yake ilikuwa imejaa sukari, tukamwongezea sukari.

Jumapili baada ya Misa tulipofika, ulimi wake ulikuwa mkavu kama gome. Ngozi ya mkono ukiivuta haikurudi. Ukimwita anafungua macho, kisha anayafumba. Tukamtoa kwa wilbaro hadi barabarani, tukaomba pikapu ya mwenye duka. Mahali pa kwanza tulipofika tukaambiwa mtu wa maabara hayuko, turudi Jumatatu. Tukaendelea. Katika hospitali kubwa muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone kwenye mashine ndogo, mashine ikaandika herufi mbili: HI. Mmoja wetu akanong'ona kwamba mashine inatusalimu. Muuguzi hakucheka. Maana ya herufi zile ni kwamba sukari imepanda juu kuliko mashine inavyoweza kuhesabu.

Mama mkubwa alitiwa dripu za maji, lita baada ya lita, na insulini, na dawa ya kidonda kilichokuwa kimeoza kwa ndani. Alikaa siku 19. Aliponea. Lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mpaka leo akivua kiatu, sisi tunaangalia kando. Vidole vile havikupotea kwa sababu ya umaskini, maana ile pikapu ilikuwepo tangu Alhamisi. Vilipotea katika kikao.

KWA NINI UGONJWA HUU UNAFANANA NA UZEE

Sukari tunayoizungumzia haitoki katika chai peke yake. Ugali, muthokoi, viazi, mkate, vyote tumboni hugeuka kuwa sukari inayoingia katika damu. Hiyo ndiyo kuni ya mwili. Ili iingie mahali pa kazi, mwili hutumia kitu kiitwacho insulini, kinachotengenezwa na kongosho. Fikirini ghala limejaa mahindi lakini ufunguo umepotea: nje chakula tele, ndani ya nyumba watu wanalala njaa. Ndiyo maana mgonjwa anakonda huku damu yake imejaa sukari.

Sukari ikizidi, figo huitoa kwa mkojo, na haitoki bila kuvuta maji. Hapo mtu anakojoa sana, na akikojoa sana anaona kiu, na kwa kiu anakunywa sana. Kijana atakunywa afidie. Mzee hasikii kiu sawasawa, na kisima kiko mbali, na anaogopa kuwasumbua watu. Basi mwili unakauka siku baada ya siku, mara nyingine wiki nzima au zaidi. Ubongo nao unakosa maji, naye anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mara nyingi kuna jambo jingine lililochochea moto huo: kichomi, ugonjwa wa mkojo, malaria, au kidonda cha mguu.

Kuna sura ya pili inayokuja kwa kasi zaidi. Mwili ukikosa insulini kabisa huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na damu inakuwa na asidi. Huyo anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu na kwa kina kama aliyepanda mlima, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Sasa mnaona shida iko wapi. Kuchoka, kukonda, kutoona vizuri, kuamka usiku, kusahau: yote hayo tunayaita uzee. Lakini uzee huja polepole, mwaka kwa mwaka. Mzee aliyekuwa akihesabu mbuzi wake vizuri mwezi jana, na leo hajui siku, huyo hajazeeka kwa mwezi mmoja. Huyo ni mgonjwa.

DALILI ZA KUTONGOJA

Andikeni haya, au mpeni kijana anayeandika haraka. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye kiu na mkojo mwingi ambaye hajapimwa, akiwa na mojawapo ya dalili hizi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

1. Amechanganyikiwa, analala kupita kiasi, au haamki sawasawa.
2. Anatapika na maji hayakai tumboni.
3. Anahema kwa kina na kwa haraka, au pumzi yake ina harufu ya matunda.
4. Ulimi umekauka, macho yamezama, na mkojo uliokuwa mwingi sasa umepungua au umekoma.
5. Mguu una kidonda kinachonuka, kilichovimba, au kidole kimekuwa cheusi.
6. Ana homa pamoja na udhaifu mkubwa.
7. Mashine imeandika HI, au sukari imepita 20 naye anajisikia vibaya.

Kwa wale wenye mashine, kumbukeni pia hesabu hizi. Mtu aliyeamka bila kula, akipata 7 au zaidi, au wakati wowote akipata zaidi ya 11 akiwa na kiu na mkojo mwingi, hiyo ni alama ya ugonjwa wa sukari na apelekwe kliniki wiki hiyo, asingoje dalili zile saba.

LA KUFANYA SAA ILE ILE

Kwanza, mtu mmoja atafute gari, mwingine akae na mgonjwa. Msiende nyote kutafuta gari.

Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni maji safi, kidogo kidogo, mara kwa mara. Msimpe soda, wala juisi, wala glukosi, wala uji wenye sukari. Kama haamki, msitie kitu chochote mdomoni, hata kijiko cha maji, maana kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu na kumwangalia anavyopumua.

Hapa kuna jambo moja ambalo tusilichanganye. Mzee ambaye tayari anatumia vidonge vya sukari au insulini anaweza kupata shida ya kinyume: sukari kushuka. Huyo ametumia dawa na hakula, au amelima kutwa juani. Ghafla anatoka jasho baridi, anatetemeka, anakuwa mkali au anapotewa na maneno. Huyo, akiwa anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda. Ngojeni dakika 15, na kama hakupata nafuu rudieni huku mkitafuta gari. Akipata nafuu apewe chakula. Huyu wa sukari kushuka hubadilika kwa dakika. Yule wa sukari kupanda ameteseka kwa siku na wiki. Mkiwa na mashine, pimeni: chini ya 4 ni kushuka.

Msimpe dawa ya mtu mwingine. Dawa ya jirani ilipimwa kwa mwili wa jirani. Kidonda msikichome kwa makaa, msikitie majivu wala maji ya moto. Kifunikeni kwa kitambaa safi kikavu, twende.

Na maombi? Sisi ni watu wa Kanisa na hatuwezi kuwaambia msiombe. Ombeni. Lakini ombeni mkiwa ndani ya gari.

MKIFIKA MLANGONI

Watu wetu wakifika hospitali husema, "Tumeleta mgonjwa, amechoka." Kwa maneno hayo atawekwa kwenye foleni nyuma ya watu 40. Mteueni mtu mmoja anayejua habari yote, aseme hivi kwa adabu lakini kwa sauti:

"Huyu ni mama wa miaka 68. Amekuwa na kiu na mkojo mwingi kwa miezi miwili. Tangu jana amechanganyikiwa, na leo hajakojoa. Ana kidonda mguuni. Tunaomba apimwe sukari sasa hivi."

Sentensi hizo chache zinamwambia muuguzi kwamba hii ni dharura. Bebeni kitambulisho chake na kila dawa aliyotumia, hata ya mitishamba, ndani ya mfuko mmoja. Msifiche mitishamba. Daktari hataki kuwagombeza, anataka kujua nini kimeingia mwilini.

Mkiambiwa hapo hapawezekani, msirudi nyumbani. Ombeni barua ya rufaa, ulizeni kuhusu ambulansi, na ulizeni kama anaweza kuanzishiwa dripu kabla ya safari. Kisha endeleeni mbele.

Na mjue haki yenu. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inarudia jambo hilo kwa hospitali za serikali na za watu binafsi. Maana yake ni kwamba mgonjwa mahututi ahudumiwe kwanza, habari ya malipo ifuate. Hatusemi mwende kupigana na mlinzi wa lango. Tunasema mkiambiwa "leteni pesa kwanza", mwombeni kwa upole msimamizi wa zamu aje, na mtaje Katiba.

Lakini pesa za kulazwa zitakuja tu. Bima ya SHA ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Mtu hujiandikisha kwa kitambulisho chake kwa kubonyeza *147# kwenye simu, hata simu ya kawaida, na wahudumu wa afya wa kijijini husaidia. Aliyejiandikisha hupata huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya kwa gharama ya serikali. Kwa kulazwa hospitali kubwa lazima awe amelipa mchango wake. Asiye na mshahara hupimwa hali ya nyumba yake, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wazee wengi hawajaandikishwa kwa sababu hawana simu na hakuna aliyekaa nao dakika kumi. Vijana, hiyo ni kazi yenu wiki hii.

MZEE AKIKATAA

Hili ni gumu, kwa sababu sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Lakini kuheshimu si kumwacha akauke.

Akiwa na akili timamu, mtafuteni yule ambaye neno lake linamwingia. Mara nyingi si mtoto wake wa kwanza. Ni rika lake, au katekista, au mjukuu. Mama mkubwa wetu alipotoka hospitali alikataa sindano ya insulini. Alisema, "Sindano hiyo ndiyo inayoua watu. Fulani alianza kudungwa, mwezi haukuisha." Tulimbembeleza sote tukashindwa. Kwetu Ukambani mjukuu hupewa jina la nyanya yake, na yule mwenye jina lake alikuja akaketi chini karibu naye, akasema, "Susu, jina letu ni moja. Ukiikataa dawa, ni kama umeninyima mimi." Bibi akanyamaza kitambo, kisha akanyoosha mkono.

Na juu ya neno lile la sindano kuua, tuliweke wazi. Watu wengi hufika kwenye sindano wakiwa wamechelewa sana, wakifa lawama inabaki kwa sindano. Kabla ya insulini, watoto wenye ugonjwa huu walikufa wote. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto kule Kanada, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa alidungwa insulini, na baadaye akapata nguvu akaishi miaka mingine 13. Tangu hapo sindano hii imeokoa watu wasiohesabika.

Akiwa amechanganyikiwa, hapo hakuna kumbembeleza. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kukataa wala kukubali. Na mkubwa wa kuamua si yule aliye mbali mwenye mshahara. Aliye karibu ndiye mkubwa wa siku hiyo. Hata kama ni mke wa kijana aliyeolewa mwaka jana, hata kama ni mjukuu wa Kidato cha Tatu. Amwinue mgonjwa, apige simu akiwa njiani.

AKIRUDI NYUMBANI

Ugonjwa wa sukari hauishi kama malaria. Akisikia vizuri asiache dawa, maana amesikia vizuri kwa sababu ya dawa. Aende kliniki tarehe aliyopewa. Miguu yake iangaliwe kila jioni, hata katikati ya vidole, kwa sababu ugonjwa huu huua hisia na mtu hukanyaga mwiba bila kujua. Chakula ni kile kile chetu, ila kilima cha ugali kipungue, ndengu na mboga ziongezeke, na chai isiwe na sukari.

Wasio na friji waulize muuguzi jinsi ya kuhifadhi insulini. Njia inayotumika mahali penye joto ni kuweka chupa ndani ya mkebe mkavu wenye kifuniko, na mkebe ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kivulini. Isiwekwe juani wala karibu na jiko.

KAZI YA KIKUNDI

Mwaka 2024 tulishuhudia jambo katika kikundi kimoja cha akina mama. Baba wa mmoja wao, mzee wa miaka 71, alianza kutapika jioni. Mhudumu wa afya wa kijiji akampima: 29. Kabla ya saa mbili usiku mzee alikuwa njiani. Hakukuwa na kikao. Alirudi baada ya siku sita akitembea kwa miguu yake yote miwili. Hawakuwa matajiri kuliko sisi. Walikuwa wamejipanga tu. Walifanya mambo matano, na tunawaomba myachukue.

Kwanza, waliandika orodha ya wazee wote wa kijiji na kumwomba mhudumu wa afya awapime. Tangu Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu hawa mikoba yenye mashine ya sukari na ya presha. Mwulizeni wa kwenu kama vipimo vipo. Kama vimeisha, kikundi kinaweza kupanga siku ya kupima na zahanati.

Pili, walipatana na wenye magari wawili, bei ikajulikana mapema, namba zikaandikwa ukutani nyumbani kwa katibu. Mgonjwa asiyejiweza hafai kuwekwa kwenye bodaboda. Ataanguka.

Tatu, waliweka mfuko wa dharura mbali na ule wa mzunguko. Wanachama 30 wakitoa shilingi 20 kila wiki ni 600. Kwa wiki kumi ni 6,000. Na sharti lao ndilo zuri: watu wawili walioteuliwa wanaruhusiwa kutoa hadi shilingi 3,000 usiku bila kuita mkutano, kisha wanatoa hesabu kikao kinachofuata. Mfuko ambao unahitaji sahihi tatu saa saba za usiku si mfuko wa dharura.

Nne, kila nyumba ilitaja mbele ya mzee mwenyewe, akiwa mzima, nani ataamua siku hiyo ikifika. Mzee akilisema kwa kinywa chake, hakuna mtoto wa mjini atakayelipinga kwa simu.

Tano, kila mzee aliandikishwa SHA, na kitambulisho chake kinajulikana kilipo.

Mambo haya matano yanamalizika kwa mikutano miwili tu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Sisi tunaongeza kwamba hata asiyeficha, akikosa wa kumwinua, ni hayo hayo. Mama mkubwa wetu hakuficha. Maji yaliisha mtungini kila siku mbele ya macho yetu, na tuliloona ni mtungi tu.

Leo mkifika nyumbani, kabla ya kulala, mwulizeni mzee wenu maswali matatu: Unakunywa maji kiasi gani? Unaamka usiku mara ngapi? Hebu tuone miguu yako. Basi. Na msipoyapenda majibu, kesho asubuhi muwe njiani.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni mzee gani ambaye tumesema "ni uzee tu" bila kumpima?
2. Mgonjwa akizidiwa leo usiku, ni nani mwenye gari tutakayempigia simu, na atatoza pesa ngapi?
3. Katiba ya kikundi chetu inaruhusu pesa kutoka usiku? Kama hairuhusu, tubadilishe kifungu gani?
4. Ni nani atakayeandikisha wazee wetu wasio na simu, na amalize tarehe gani?